Sifa za mtandaoni zisiwe dhamana ya mtaji

MFANYABIASHARA wa Segese anayetaka kuingiza friza kumi dukani siku hizi halazimiki kupanda basi hadi Kahama, Mwanza au Kariakoo ili aione mali. Hufungua simu, hutazama picha, husoma sifa zilizoandikwa na watu wanaosema wamekwisha kununua, huhesabu nyota, kisha hutuma fedha. Mali hufuata kwa lori. Utaratibu huo umepunguza gharama za safari na umewafungulia njia wenye mitaji midogo ambao zamani walitegemea wauzaji wa jumla wa mjini kwa kila kitu.

Hata hivyo, utaratibu huo umeleta swali ambalo wenye maduka, pamoja na wale wanaowakopesha au kuingia nao ubia, wanapaswa kulijibu kabla shilingi ya kwanza haijatumwa. Je, sifa hizo zina uzito wa kubeba mtaji? Ushahidi uliopo unaonyesha kuwa hazina. Sifa za mtandaoni zinafaa kama habari ya awali, lakini hazifai kuwa msingi wa kuagiza vyombo vya umeme vya nyumbani kwa ajili ya kuuza.

Dhahabu hupimwa, friza husifiwa

Segese, iliyoko katika Halmashauri ya Msalala wilayani Kahama, ni sehemu ambayo haikupaswa kufundishwa somo hili. Ipo jirani na mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ulioanza uzalishaji mwaka 2001, na imezungukwa na shughuli za wachimbaji wadogo. Katika biashara ya dhahabu hakuna anayelipa kwa kusikiliza maneno ya muuzaji. Mali huwekwa kwenye mizani, usafi wake hupimwa, ndipo bei hutajwa. Serikali ilipoanzisha masoko ya madini mwaka 2019, likiwemo la Geita, lengo mojawapo lilikuwa kwamba uzito na ubora vijulikane mbele ya muuzaji, mnunuzi na ofisa wa serikali.

Inashangaza basi kuona mtu yule yule, ambaye hawezi kununua gramu moja kwa maneno matupu, akituma mamilioni ya shilingi kwa ajili ya friza, televisheni au inveta kwa sababu watu mia nne asiowajua wameandika kuwa ni “nzuri sana”. Dhahabu ikiwa na kasoro, hasara huonekana siku ile ile. Kasoro ya friza huonekana baada ya miezi kadhaa, mali ikiwa imekwisha kuuzwa na mteja akiwa anaijua njia ya kurudi dukani.

Nyota zinapima nini?

Jambo la kwanza la kufahamu ni wakati ambapo sifa huandikwa. Wanunuzi wengi huombwa maoni siku chache baada ya kupokea mzigo. Wakati huo wanachoweza kueleza kwa uhakika ni kwamba boksi halikupasuka, rangi ni ile ya kwenye picha, na chombo kiliwaka kilipochomekwa. Hayo ni maoni juu ya usafirishaji. Ubora wa friza uko kwenye kompresa, kwenye mabomba ya gesi na kwenye mpira wa mlango, na vitu hivyo hutoa majibu katika mwaka wa pili.

La pili ni nani anayeandika. Aliyefurahi kupita kiasi huandika, na aliyekasirika kupita kiasi huandika. Mtu wa katikati, ambaye chombo chake kinafanya kazi kwa kusuasua, mara nyingi hunyamaza. Kwa hiyo wastani wa nyota hauwakilishi wanunuzi wote.

La tatu ni mahali anapoishi mwandishi. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230 na mzunguko wa hezi 50. Marekani ni volti 120 na hezi 60. Kampuni moja inaweza kuuza chombo chenye jina linalofanana katika nchi mbili, kumbe ndani kimetengenezwa tofauti. Sifa iliyoandikwa na mama wa nyumbani wa Chicago haimhusu mlaji wa Segese, ambaye umeme wake hupanda na kushuka na ambaye friza yake huenda imewekwa kibarazani chini ya bati la moto.

Aidha, friji hutengenezwa kwa madaraja ya hali ya hewa, na daraja huandikwa kwenye kibandiko kilicho nyuma au ndani ya mlango. Herufi N maana yake ni kwamba chombo kimekusudiwa kufanya kazi mahali penye joto la nyuzi 16 hadi 32. ST ni hadi nyuzi 38, na T ni hadi nyuzi 43. Friji ya daraja la N inaweza kupata nyota tano kutoka kwa watu wa nchi za baridi, na watu hao wakawa wamesema kweli. Ikiletwa katika ukanda huu na kuwekwa karibu na jiko la mama lishe, itafanya kazi bila kupumzika mpaka kompresa ichoke. Hapo hakuna aliyedanganya, lakini mtaji umepotea.

Mwaka 2016 watafiti watatu wa Marekani, Bart de Langhe, Philip Fernbach na Donald Lichtenstein, walichapisha uchunguzi juu ya bidhaa 1,272 za aina 120. Walilinganisha wastani wa nyota za wanunuzi na matokeo ya vipimo vya Consumer Reports, taasisi iliyoanza mwaka 1936 na ambayo hununua bidhaa kwa fedha zake na kuzipima yenyewe. Waligundua kuwa nyota na vipimo havikuwiana ipasavyo. Nyota hazikutabiri hata bei ambayo bidhaa hizo zingepata zikiuzwa tena baada ya kutumika. Badala yake, bidhaa za bei kubwa na zenye majina makubwa zilipata nyota nyingi zaidi hata pale ambapo vipimo havikuonyesha tofauti hiyo. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye maabara na sheria kali, mfanyabiashara wa hapa hana sababu ya kuamini kwamba kwake nyota zitasema kweli zaidi.

Sifa nazo ni bidhaa

Hayo yote yanahusu maoni ya kweli. Yapo pia maoni ya kununuliwa. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mtandao umewapa waamba ngoma nafasi kubwa kuliko waliyowahi kuwa nayo redioni au magazetini.

Mwezi Julai 2022 kampuni ya Amazon ilifungua kesi dhidi ya waendeshaji wa zaidi ya makundi 10,000 ya Facebook, ikidai kuwa makundi hayo yalitumika kutafuta watu wa kuandika sifa za uongo kwa malipo au kwa kupewa bidhaa bure. Mwaka huo huo, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kuwa kampuni ya nguo ya Fashion Nova ingelipa dola milioni 4.2 kumaliza madai kwamba ilizuia maoni yenye nyota chini ya nne yasionekane kwenye tovuti yake. Mwaka 2023 kampuni ya Bountiful, inayouza vitamini, iliagizwa kulipa dola 600,000 kutokana na madai kuwa iliunganisha bidhaa mpya na bidhaa za zamani zilizokwisha kupata sifa, ili mpya zionekane kupendwa tangu siku ya kwanza.

Wafanyabiashara wanapaswa kuuzingatia mfano huo wa mwisho. Nyota zilizokuwa pale zilitolewa na wanunuzi, ila zilitolewa kwa kitu kingine. Muuzaji wa blenda anaweza kutumia ukurasa uliokuwa wa pasi, na mnunuzi asiyesoma maneno yenyewe akahesabu nyota za pasi.

Marekani ilitoa kanuni za kupiga marufuku sifa za uongo mwaka 2024, na Uingereza ikaanza kutumia sheria yake mwezi Aprili 2025. Nchi zenye masoko makubwa haziwezi kutunga sheria kwa jambo dogo. Sheria hizo ni kukiri kwamba ugonjwa upo na umeenea.

Hali ya huku nyumbani

Tanzania ilikuwa na duka kubwa la mtandaoni la Jumia, lakini kampuni hiyo ilifunga shughuli zake nchini mwezi Novemba 2019. Tangu hapo, sehemu kubwa ya biashara ya vyombo vya nyumbani kwa njia ya simu hupitia kurasa za Instagram na Facebook pamoja na makundi ya WhatsApp. Huko mara nyingi hata nyota hazipo. Kilichopo ni picha za ujumbe wa wateja: “Asante, mzigo umefika salama.” Mwenye ukurasa ndiye anayechagua ujumbe upi uonekane, na ndiye anayeweza kufuta malalamiko. Mteja aliyepata hasara hana mahali pa kuandika ambapo mnunuzi anayefuata atapaona.

Hapo ndipo tofauti ya duka na ukurasa inapojitokeza. Mwenye duka Segese hana uwezo wa kumfuta mteja. Mteja atakuja na friza yake juu ya guta, ataishusha mbele ya watu, na habari itafika gulioni kabla ya jua kuzama. Mwenye ukurasa anaweza kubadili jina na namba kesho asubuhi. Kwa hiyo anayenunua kwa sifa za mtandaoni na kuuza kwa jina lake mwenyewe amechukua hatari yote, na aliyemuuzia hakubaki na chochote cha kupoteza.

Fundisho la sola Kenya

Afrika Mashariki imewahi kupita katika tatizo la aina hii, na Kenya ilipata njia ya kulipunguza. Katika miaka ya 1990 paneli ndogo za sola zilienea sana vijijini nchini humo. Mnunuzi aliona kibandiko cha wati na kusikia maneno ya muuzaji, lakini hakuwa na chombo cha kupimia. Watafiti, wakiwemo Arne Jacobson na Daniel Kammen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizipima paneli hizo. Baadhi zilitoa umeme unaokaribia ule ulioandikwa. Nyingine zilikuwa chini kwa kiasi kikubwa, ingawa dukani zilikaa rafu moja na zote zilisifiwa.

Matokeo yalipojulikana, watengenezaji wa paneli duni walilazimika ama kurekebisha mali yao ama kutoka sokoni. Lakini vipimo viliporudiwa katikati ya miaka ya 2000, paneli nyingine duni zilikuwa zimeingia. Kwa maneno mengine, kupima mara moja hakutoshi, na soko lisilopimwa halijisafishi lenyewe.

Mwanauchumi George Akerlof alieleza sababu yake mwaka 1970, katika makala juu ya soko la magari yaliyotumika iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibaya, hukataa kulipa bei ya kizuri. Mwenye mali nzuri huona hapati faida, hujiondoa, na soko hubaki na mali mbovu. Wafanyabiashara waaminifu wa ukanda wa dhahabu wanaijua hali hiyo bila kusoma makala yoyote. Wao ndio wanaoambiwa kila siku kuwa duka la pili linauza kwa bei ndogo.

Hesabu ya friza kumi

Mfano ufuatao ni wa hesabu tu, wala si bei za soko la wiki hii. Mfanyabiashara ananunua friza kumi zenye nyota nyingi mtandaoni kwa Sh. 600,000 kila moja. Anatumia Sh. 6,000,000. Akiuza zote kwa Sh. 720,000, anapata Sh. 7,200,000, yaani faida ya Sh. 1,200,000 kabla ya kodi ya pango na usafiri.

Friza moja ikirudi naye akarudisha fedha, faida inashuka hadi Sh. 480,000. Zikirudi mbili, faida imekwisha na ameingia hasara ya Sh. 240,000, huku friza mbili zisizofanya kazi zikimjalia stoo.

Mwenzake ananunua friza zisizo na nyota hata moja kwa Sh. 640,000 kutoka kwa muuzaji wa jumla mwenye duka linalojulikana, anayetoa waranti ya mwaka mmoja kwa maandishi na kubadilisha chombo kibovu. Akiuza kwa bei ile ile, faida yake ni Sh. 800,000. Zikirudi mbili, zinabadilishwa, na faida haitetereki ila kwa gharama ya usafiri.

Ina maana kwamba friza moja tu ikiharibika kati ya kumi, mali ya bei kubwa imekuwa rahisi. Zile Sh. 40,000 za ziada kwa kila friza ni bima. Mwekezaji anayeombwa fedha za kuongeza stoku ya duka aulize kwanza kama bima hiyo imelipwa. Akijibiwa kwa kuonyeshwa nyota kwenye simu, bora afunge mkoba wake.

Sheria inamtazama nani?

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mteja akiuziwa kitu kisichofaa kwa matumizi yake ya kawaida, anayedaiwa ni aliyemuuzia. Wale watu mia nne walioandika sifa hawatafika mahakamani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza pia kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa. Mwenye duka anayerudia kwa mteja sifa alizosoma mtandaoni, bila kujua kama ni za kweli, amezifanya kuwa maneno yake.

Kwa upande wa viwango, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilianzisha mwaka 2012 utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijasafirishwa, na mzigo uliokubalika hupewa cheti. Muuzaji wa jumla aliyeingiza mali kihalali anapaswa kuweza kuonyesha cheti hicho. Akianza kuzungukazunguka, mnunuzi amekwisha kupata jibu.

La kufanya

Haina maana kwamba sifa za mtandaoni zitupwe zote. Lawama zenye maelezo zina thamani kuliko sifa zisizo na maelezo. Watu thelathini wakisema kwa nyakati tofauti kwamba mpira wa mlango hung'oka baada ya miezi sita, habari hiyo ichukuliwe. Mtu anayerudi kuandika baada ya mwaka mmoja asikilizwe kuliko hamsini walioandika wiki moja. Sifa nyingi zilizomiminika kwa siku chache na kwa maneno yanayofanana ziachwe.

Baada ya hapo, mfanyabiashara aagize kipande kimoja kabla ya kumi. Akiwashe dukani kwa wiki kadhaa, kikiwa kimejaa, mchana wa joto. Asome kibandiko cha volti na daraja la hali ya hewa. Amwite fundi friji wa Kahama au Geita amuulize kama spea za aina hiyo zinapatikana, maana fundi huona vilivyoharibika na hana sababu ya kuvisifu. Adai risiti ya EFD na waranti yenye jina, namba ya chombo na tarehe. Amuuzie mteja friza pamoja na kifaa cha kuilinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka.

Lakini kinga iliyo bora iko mikononi mwa wenye maduka wenyewe. Maduka ya Segese, Bugarama, Kakola na Kahama yanaweza kuweka daftari la marejesho. Ndani yake yaandikwe mambo matano tu: aina ya chombo, tarehe kilipouzwa, tarehe kiliporudi, ubovu uliokutwa na fundi, na hatua aliyochukua muuzaji wa jumla. Yasiandikwe matusi wala dhana. Madaftari hayo yakilinganishwa kila baada ya miezi mitatu, katika muda wa miaka miwili ukanda huu utakuwa na habari za vyombo vya umeme zilizotoka kwenye joto lake na umeme wake, zikiwa zimeandikwa na watu waliopata hasara au faida kwa fedha zao. Mwenye duka anayeogopa kuwapa wenzake siri hiyo akumbuke kwamba mali mbovu ikizoeleka, wateja huacha kununua dukani kwa kila mtu.

TBS nayo inaweza kusaidia kwa kutangaza mara kwa mara, kwa Kiswahili na kwa majina ya bidhaa, vyombo vilivyofeli vipimo vyake. Kama vipimo vilivyotangazwa viliweza kuwabana wauzaji wa paneli Kenya, hakuna sababu visiwabane wauzaji wa friza hapa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hali ya soko ilivyo, vyote viwili vinajitembeza, tena kwa nyota zinazolingana. Mwenye fedha Segese atofautishe kwa njia anayoijua siku zote: mali iwekwe kwenye mizani kwanza, bei ifuate.